Askari Waliolala wa Kambi ya Mtweve

Siku ya kwanza ya Julai, mfumo mpya ulimuuliza Atuganile swali moja tu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kike, na ilitoka kwenye kioo kilichobandikwa juu ya dirisha la zahanati ya kikosi.

"Mwanachama wako, Sajenti Gaspar Kihwele, yuko kazini, amestaafu, au amefariki?"

"Amelala," alijibu Atuganile.

"Samahani, jibu hilo sikulielewa. Yuko kazini, amestaafu, au amefariki?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika hadi nje, wanawake na wazee wamejikunyata ndani ya makoti, maana Julai ya Mtweve ni ya ukungu na baridi ya kuuma masikio. Yusta, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alisogea karibu na kioo, akasema kwa sauti ya kumwelekeza mtu mgeni:

"Baba yuko kwenye usingizi baridi. Jengo lile pale, la paa la bluu. Ana miaka minne humo sasa."

"Samahani, jibu hilo sikulielewa."

Mpaka jana yake, bima ya afya ya familia za askari ilikuwa chini ya shirika lililoitwa Mwamvuli, na Mwamvuli ilikuwa na karani katika kila kambi. Karani wa Mtweve alikuwa Bi. Skola, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyezijua familia zote kwa majina ya utani. Gaspar alipolazwa, Bi. Skola hakuwa na kisanduku cha kumweka, basi akaandika pembeni kwa mkono wake: *Kazini, usingizini.* Kwa miaka minne hakuna aliyeuliza zaidi. Sasa mkataba wa Mwamvuli umekwisha, msimamizi mpya anaitwa Wigo, na Wigo hana pembeni pa kuandika.

Kioo kilibadilika rangi. *Hadhi ya mwanachama: haijathibitishwa. Wategemezi watapata huduma za dharura pekee. Siku zilizobaki kuthibitisha: 30.*

Muuguzi aliyekuwa dirishani, kijana aliyemfahamu Yusta vizuri, alifungua faili lake na kukunja uso. "Mama Yusta, awamu ya tatu ni tarehe ishirini na nne. Hapa naona imefungwa."

"Imefungwa vipi?"

"Si huduma ya dharura. Mpaka baba athibitishwe."

Atuganile hakupandisha sauti. Kabla ya kuolewa alikuwa karani wa masjala ya kikosi kwa miaka sita, na alijua kumfokea mtu wa dirishani ni kumwonea. Alimshika Yusta mkono, wakatoka.

* * *

Awamu ya tatu haikuwa jambo la kuahirisha. Yusta alizaliwa na selimundu, na miaka yake minane ya kwanza aliimaliza baina ya kitanda cha nyumbani na kitanda cha hospitali, akilia viungo. Kisha ikaja tiba ya kusahihisha uboho. Awamu ya kwanza inausafisha uboho wa zamani, ya pili inapanda ule uliosahihishwa, ya tatu inaufunga usirudi kwenye tabia zake. Baina ya pili na ya tatu hutakiwa siku tisini, na ikipita kumi juu yake, mwili huanza kutengeneza tena zile chembe zilizopinda. Tena tiba hairudiwi. Uboho uliokataa mara moja haupokei mara ya pili.

Kwa hiyo Wigo walipomtuma mwakilishi wao kuja kueleza mabadiliko, Atuganile alikuwa amekaa mstari wa mbele bwaloni nusu saa kabla.

Mwakilishi alikuwa Bwana Hemedi Chambuso, mtu mwembamba wa makamo, suti ya kijivu, viatu vilivyojaa tope jekundu la barabara ya kambi. Alieleza vizuri. Huduma zitaharakishwa, dawa zitafika kwa ndege ndogo zisizo na rubani, hakuna tena kusubiri saini ya mtu aliye likizo. Watu walipiga makofi, na Atuganile naye alipiga, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Halafu akasimama.

"Mimi ni mke wa Sajenti Kihwele, mhandisi wa medani. Miaka minne iliyopita alikuwa anategua mabomu kwenye shule moja kule kaskazini, kipande cha chuma kikakata uti wake wa mgongo. Madaktari wanamwoteshea uti mpya, na mpaka ukue wamemweka kwenye usingizi baridi. Hajastaafu, hajafa. Mfumo wenu haumtambui. Nifanye nini?"

Chambuso alivua miwani. Hakuwa mtu wa kukwepa.

"Mama, mko familia kumi na nne hapa Mtweve zenye swali hilo. Nililiona kwenye orodha kabla sijaja, na nilikuwa nasubiri mmoja wenu asimame. Kanuni tuliyokabidhiwa inasema askari aliye kazini ahudhurie mwenyewe mara moja katika kipindi cha mpito. Mfumo umsikie akisema jina lake na namba yake, basi. Dakika moja inatosha."

"Aamshwe?"

"Tumewaandalia utaratibu. Wigo italeta mtambo na wataalamu. Aamshwe dakika ishirini, aseme jina, arudishwe usingizini. Au familia ichague hadhi nyingine."

"Nikichagua mstaafu?"

"Wategemezi wa mstaafu hawana tiba za uboho."

"Nikichagua marehemu?"

Chambuso alitazama chini. "Yatima wana tiba zote. Lakini jengo lile ni la askari walio hai, mama."

Daktari Kokusima, mkuu wa jengo la paa la bluu, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Hakuombwa kusema, lakini alisema.

"Msimfiche upande wa pili. Hawa watu tumewashusha mpaka nyuzi kumi. Moyo unapiga mara tatu kwa dakika. Kumpandisha mtu na kumshusha tena kabla hajapona ni kumpitisha mlango uleule mara mbili kwa siku moja. Damu inaganda vipande vidogo vidogo. Kwa wote waliowahi kufanyiwa hivyo, katika kila tisa, mmoja hakurudi."

"Na wanane walirudi," alisema mtu mmoja nyuma.

"Ndiyo," alisema daktari. "Wanane walirudi."

* * *

Nyumbani kwa Atuganile kulikuwa na watu watatu: yeye, Yusta, na Bibi Sevelina, mama mzazi wa Gaspar, mwenye miaka sabini na minane, aliyehamia kambini tangu mwanawe alazwe. Mchana ule alikuwa ameketi jikoni karibu na jiko, akichambua maharage kwenye ungo.

Atuganile alimweleza yote bila kupunguza. Bibi Sevelina aliacha kuchambua.

"Wamwamshe," alisema.

"Mama, daktari amesema..."

"Nimesikia. Wanane katika tisa. Gaspar alitegua mabomu miaka kumi na mmoja, mwanangu. Unafikiri kila asubuhi aliondoka na nafasi nzuri kuliko hiyo? Na ungemuuliza leo, angekwambia nini? Binti yake anataka dawa, yeye anatakiwa aseme jina lake tu. Angekubali kabla hujamaliza kuuliza."

"Najua angekubali."

"Basi?"

Atuganile alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Ndiyo maana siwezi, mama. Hakuna kitu ambacho Gaspar angekataa. Walimwomba aingie shule ile, akaingia, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Mtu asiyejua kukataa, akilala, anahitaji mtu wa kukataa kwa niaba yake. Mimi ndiye mkewe."

Bibi Sevelina alitazama maharage. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mimi nataka kumwona macho yake. Dakika ishirini tu. Sina uhakika wa miaka mingine."

Atuganile alimshika goti. Yusta alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, kitabu cha hesabu mkononi, na ilikuwa wazi amesikia yote.

"Mnanijadili kama sipo," alisema.

"Njoo, mama," alisema bibi yake.

"Msimwamshe kwa ajili yangu. Akifa, kila mtu atakuwa mwema kwangu na kila mtu atakuwa anakumbuka ni kwa sababu yangu. Mimi maumivu nayajua, nimeshayazoea. Hilo lingine siwezi kulizoea."

Hakulia. Alirudi chumbani akafunga mlango taratibu, na wale wanawake wawili walibaki wakitazamana juu ya ungo.

"Una siku ishirini na nane," Bibi Sevelina alisema mwishowe. "Kama kuna njia ya tatu, itafute. Ukiikosa, mimi ndiye niliyemzaa, nitakwenda kumsainia mwenyewe."

"Sawa, mama. Hiyo ni haki."

* * *

Kesho yake Atuganile alikwenda jengo la paa la bluu. Aliruhusiwa kukaa upande wa pili wa kioo, mahali alipokaa kila Jumatano kwa miaka minne. Gaspar alikuwa ndani ya kitanda chake cha chuma, ngozi imekuwa ya rangi ya majivu, nywele zimekatwa na mashine. Ukutani palikuwa na kipimo kimoja alichokipenda kuliko vyote: urefu wa uti unaooteshwa kwenye chupa, milimita mbili kwa mwezi. Siku hiyo ulisomeka sentimita tisa na milimita sita. Ulihitajika kufika kumi na saba kasoro kidogo.

Kwenye benchi lile palikuwa na mtu. Alisimama haraka alipomwona, akasaluti bila sababu, halafu akaona aibu.

"Koplo Mahimbo," alisema Atuganile. "Sijakuona tangu mwaka juzi."

Mahimbo alikuwa pamoja na Gaspar kwenye shule ile. Chumba kilicholipuka kilikuwa kwenye orodha yake yeye, si ya Gaspar. Kila mtu kambini alilijua hilo na hakuna aliyewahi kulisema.

"Huwa nakuja siku nyingine, shemeji. Siku ambazo si zako." Alikuna shingo. "Nimesikia habari za bwaloni. Kama wanataka mtu wa kusema jina lake, nitasema mimi. Namba yake naijua kuliko yangu."

"Wanataka asikike yeye."

"Mbona paredi hatufanyi hivyo?" Mahimbo alisema kwa hasira ya mtu anayesema jambo lililo wazi. "Asubuhi jina likiitwa na mtu yuko lindoni, hatumwondoi lindoni aje kusema 'Afande!' Jirani yake anajibu: 'Yuko lindoni, afande.' Akiwa hospitali: 'Yuko hospitali, afande.' Anahesabiwa yupo. Maisha yote ya jeshi ni hivyo."

Atuganile, aliyekuwa tayari amekaa, aliinuka.

"Sema tena."

Mahimbo alirudia, safari hii polepole, hajui amefanya nini.

Kwa miaka sita kazi ya Atuganile pale masjala ilikuwa kupokea karatasi za paredi kila asubuhi na kuziingiza kwenye daftari la kikosi. Alikumbuka safu zake nne: *Yupo. Yupo kwa kuitikiwa. Hayupo kwa ruhusa. Hayupo.* Safu ya pili alikuwa akiijaza bila kufikiri. Na alikumbuka jambo jingine, la siku Gaspar alipolazwa: Bi. Skola alikuwa amemwambia kwa furaha kwamba sasa waliolala wote wameondolewa kwenye orodha ya paredi, wako chini ya bima moja kwa moja, hawatasumbuliwa na mtu.

Alimpigia simu Chambuso palepale, amesimama kwenye korido.

"Bwana Chambuso, nijibu kitu kimoja. Askari wengine elfu mbili wa Mtweve, hao wasiolala, wamewathibitishaje? Sikuona foleni ya watu wakisema majina yao kwenye kioo."

"Hao tunawasoma kwenye orodha ya kikosi, mama. Paredi ya kila siku inaingia kwenye mfumo yenyewe. Ni wasiokuwa kwenye orodha tu ndio wanatakiwa kuhudhuria."

"Na aliyeitikiwa na mwenzake?"

Alisikia vidole vikigonga upande wa pili.

"Aliyeitikiwa anasomeka yupo," alisema Chambuso taratibu. "Mama Yusta. Mfumo hauulizi nani yuko macho. Unasoma orodha."

* * *

Luteni Kanali Nyamizi Lubinza, mkuu wa kikosi, alimsikiliza Atuganile hadi mwisho bila kumkatiza. Ofisi yake ilikuwa na meza tupu na dirisha linalotazama misonobari. Alipomaliza, kanali alimkaribisha kiti, ambacho mwanzoni hakuwa amempa.

"Kanuni unaijua kuliko msaidizi wangu," alisema. "Naweza kumrudisha mumeo kwenye orodha kesho asubuhi. Ni saini yangu tu. Lakini nitakwambia kitu ambacho huyo bwana wa bima hakijui, kwa sababu si kazi yake kukijua."

"Nakusikiliza, afande."

"Walipoondolewa kwenye orodha, hawakuondolewa kwa kusahauliwa. Aliyenitangulia aliwaondoa makusudi. Askari aliye kwenye orodha yangu ni askari wangu, na naweza kuamriwa nimtoe. Wahandisi wa medani wenye uzoefu wa mumeo wamebaki wachache nchi nzima. Siku makao makuu wakisema, 'Tunamhitaji Kihwele, mwamsheni atufundishie watu kwa siku tatu kisha mmrudishe,' leo siwezi kutii hata nikitaka, kwa sababu si wangu. Akirudi kwenye orodha, nitatii. Mimi sitakudanganya hapo."

Atuganile alikuwa amekuja na njia ya tatu, naye kanali alikuwa anamwonyesha inakoelekea. Kumnusuru Gaspar na mlango mmoja, alitakiwa amrudishie mtu mwingine ufunguo wa mlango uleule.

"Naomba kujua, afande. Makao makuu wamewahi kuomba hivyo?"

"Mara mbili. Si yeye. Wengine, kambi nyingine."

"Waliamshwa?"

"Waliamshwa."

Atuganile alitazama misonobari. Hakuwa na haraka. Kwenye masjala alijifunza kwamba karatasi ya jeshi haisimami peke yake, kila moja ina nyingine inayoizuia isianguke upande mmoja.

"Afande, askari mwenye cheti cha daktari anaamriwa?"

Kanali Lubinza aliinamisha kichwa kidogo.

"Askari mwenye cheti cha kutofaa kazi haamriwi na mtu yeyote," alisema. "Si mimi, si mkuu wa majeshi. Cheti kina siku tisini."

"Kikisainiwa kila siku tisini?"

"Haamriwi kila siku tisini."

"Na daktari akibanwa asisaini?"

"Hapo ndipo utakapokuwa umeuweka usalama wa mumeo mikononi mwa mtu mmoja. Unamjua Kokusima?"

"Namjua. Ndiye aliyesimama bwaloni akasema idadi ya wasiorudi, mbele ya watu waliotaka asiseme."

Kanali alivuta karatasi. "Nitahitaji ridhaa ya kila familia, kwa maandishi. Sitamrudisha mtu kwenye orodha bila ya nyumbani kwake kujua nilichokwambia wewe. Chote, pamoja na kile kibaya."

"Nitawazungukia mwenyewe, afande," alisema Atuganile.

Aliwazungukia kwa siku nne. Kila nyumba alikunywa chai, akaeleza mambo mawili kwa uzito sawa, la faida na la hatari, akaacha karatasi mezani, akarudi kesho yake kuuliza. Familia kumi na moja zilisaini. Mbili zilikataa, zikasema jeshi limeshachukua vya kutosha. Moja ya hizo mbili ikachagua hadhi ya mstaafu, nyingine ikasema itasubiri kanuni ibadilike. Familia ya mwisho ilikuwa imeshaamua kumwamsha mtu wao, fundi wa redio aitwaye Mbuligwe, na mtambo wa Wigo ulikuwa umeshafika. Atuganile aliwaombea heri, na alimaanisha. Mbuligwe aliamka, akasema jina lake, akamwona mjukuu, akarudi usingizini salama. Bibi Sevelina alikwenda kushuhudia. Aliporudi alikaa jikoni muda mrefu, kisha akavuta ile karatasi ya ridhaa na kuomba kalamu.

"Weka jina langu chini ya lako," alisema. "Mama wa yule bwana alikuwa anatetemeka mpaka meno. Alimwona mwanawe, ndiyo. Lakini hakumwona. Dakika zote ishirini alikuwa anaitazama mashine isije ikanyamaza."

* * *

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Julai, ukungu ulikuwa mzito hata mlingoti wa bendera ulionekana nusu. Raia hawaruhusiwi kwenye uwanja wa paredi, ila kanali alitoa kibali, na familia kumi na moja zilisimama kando ya ukuta wa karakana, zikipumua mvuke. Chambuso naye alikuja, na kishikwambi chake kifuani.

Sajini Meja alianza kuita. Majina yalikwenda, sauti zikajibu moja baada ya nyingine, "Afande! Afande!", mpaka kikosi cha wahandisi.

"Sajenti Kihwele, G!"

Askari wapya hawakujua la kufanya. Wa zamani walinyamaza, kwa sababu jina lile halikuwa limeitwa kwa miaka minne. Zilipita kama pumzi mbili. Kisha Koplo Mahimbo, kwenye mstari wa pili, aliinua kidevu, akajibu kwa sauti iliyofika hadi karakana:

"Yuko hospitali, afande!"

Sajini Meja aliweka alama. "Sajenti Kihwele, yupo kwa kuitikiwa." Akaendelea na jina lililofuata.

Mahimbo alibaki ametazama mbele kama askari anavyotakiwa, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta, kwa sababu kwenye paredi hairuhusiwi kuinua mkono.

Kando ya ukuta, Chambuso aligeuza kishikwambi ili Atuganile aone. *Kihwele, Gaspar. Hadhi: kazini. Wategemezi watatu: huduma zote.*

"Nitaandika ripoti," alisema. "Nitasema kanuni ilikuwa nzuri ila hatukuisoma hadi mwisho. Kambi nyingine wana watu kama hawa."

"Andika na lile la cheti," alisema Atuganile. "Usiwaachie nusu."

"Nitaandika, mama."

Tarehe ishirini na nne Yusta alipewa awamu ya tatu. Ilichukua saa tano, alitapika mara mbili, akamtukana muuguzi kidogo, akaomba radhi. Wiki mbili baadaye damu yake ilipigwa picha, na daktari wa watoto alimwonyesha chembe zake kwenye kioo, za duara, zimejipanga kama sahani. Yusta alizitazama kwa makini, akauliza kama anaweza sasa kujiunga na timu ya netiboli, akaambiwa asubiri mwezi.

Cheti cha Gaspar kilisainiwa siku hiyohiyo ya paredi, na siku tisini zake zilikwisha Oktoba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kupiga bati. Atuganile alikwenda jengo la paa la bluu mapema, na safari hii Bibi Sevelina alikataa kubaki. Alipanda ngazi polepole, mkono mmoja kwenye ukuta. Daktari Kokusima alikuwa na barua kwenye meza yake, yenye muhuri wa makao makuu, na hakuificha.

"Wameuliza kama Sajenti Kihwele anaweza kupatikana kwa mafunzo ya siku tatu mwezi ujao," alisema.

Atuganile alikuwa amejua barua ile itakuja, hakujua tu kama itakuja mapema hivi.

Daktari alivuta fomu ya cheti. Aliandika kwa mkono, herufi kubwa zinazosomeka: *Hafai kazi. Asiamshwe.* Akasaini, akapiga muhuri, akabandika nakala juu ya ile barua kwa pini.

"Watauliza tena," alisema. "Nami nitawajibu tena."

Bibi Sevelina alikuwa ameegemea meza, akitazama ule muhuri wa wino ukikauka. "Daktari," alisema, "mpaka mwanangu apone, vitahitajika vyeti vingapi vya namna hiyo?"

Kokusima alitazama kipimo ukutani, akahesabu kimoyomoyo. "Baada ya hiki, kumi na kimoja. Miaka miwili na miezi tisa hivi, kama uti hautachelewa."

Midomo ya bibi kizee ilikwenda, anahesabu naye. Kisha alivua koti lake zito, akalikabidhi kwa Atuganile, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa na kukunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko.

"Basi nipime presha," alisema. "Na sukari. Na hii miguu. Nipime kila kitu."